Mkeka wa Kimya

Katika nyumba ya kule Singe tulikokaa kusomea ualimu wa yoga, hakuna aliyeruhusiwa kusema kabla ya uji. Anayesema anapoteza zamu yake ya kufundisha. Asubuhi ile zamu ilikuwa ya mwenzetu aliyetoka Maisaka, ambaye hakuwahi kusimama mbele ya darasa na alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu.

Tuliketi mikekani, khanga mabegani kwa sababu ya baridi, macho tumefumba. Mama aliyekuwa akituletea maziwa akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, kisha akachungulia. Nilifumbua jicho moja: alikuwa anavua kandambili mlangoni, polepole. Akaketi ukingoni mwa mkeka, akavuta mtandio usoni.

"Poleni, wanangu. Ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mama akaanza kulia.

Mwenzetu wa Maisaka akashindwa kuvumilia. "Shikamoo, mama. Hakuna aliyefariki. Tunajifunza kutulia tu."

"Marahaba." Akajifuta machozi. "Kutulia gani huko, hadi mtu ananyimwa salamu?"

Mwalimu wetu, aliyeketi mbele, naye bila neno, akamnyooshea mwenzetu kidole, kisha akamwashiria mwingine ashike zamu. Najiuliza hadi leo ni nani mle ndani aliyekuwa ametulia. Mimi sikuwa nimetulia.

"Amefanyaje huyu?" mama akauliza, akinyanyuka.

"Nimepoteza zamu yangu ya kufundisha, mama. Kwa kuwa nimesema."

Mama akamtazama.

"Basi msiba upo," akasema, akaketi tena, safari hii karibu naye.