Vagheni na Mashine ya Wakulima

Vagheni hafungui skrubu hata moja kabla hajamaliza maswali yake. Wateja wanaotoka mbali, Kipese au Mangina, hudhani anawapotezea muda. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, hapa Butembo, kwenye barabara ya kwenda Beni. Ndani mna meza, taa, bisibisi zilizopangwa kwa urefu, na daftari ambamo huandika kila alichokikuta ndani ya mashine.

Nilimfundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi kule Beni, wakati marehemu mume wangu, Zacharie, alipokuwa mkurugenzi wa shule hiyo. Alikuwa mtoto wa muuza makaa, mwenye maneno machache. Siku moja aliifungua saa ya ukutani ya ofisi ili aone kwa nini inachelewa. Zacharie alimchapa, kisha akairudisha saa ukutani. Haikuchelewa tena. Baadaye Vagheni alitengeneza redio huko Mabalako, halafu simu, halafu kompyuta. Vita vilipomhamisha na mke wake, alikuja Butembo na sanduku moja la vifaa.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilimpelekea kompyuta ya mkononi ambayo si yetu. Ni ya ushirika wa wakulima wa maharage na viazi wa Musienene, ambako binti yangu Solange ni katibu. Kila jioni anarudi nayo nyumbani, maana mlango wa ofisi yao hauna kufuli la kuaminika. Jumapili tulikuwa na ubatizo wa mjukuu wangu, na bia haikukosekana. Jumatatu mashine ikaanza vituko. Herufi A ilijiandika yenyewe mstari mzima, herufi nyingine hazikuandika kabisa, na mshale uliruka huku na huku hata kama hakuna kidole juu ya kile kibao laini cha kuusogezea.

Kufika Jumatano, Musienene yote ilikuwa inasema kwamba watu wa kwa Zacharie walimwaga bia juu ya mashine ya wakulima. Kamati ikaitisha kikao siku ya Ijumaa. Ikionekana ni uzembe, Solange ataondolewa. Katika familia yetu hakuna mtu aliyewahi kuondolewa kazini.

"Nataka karatasi yako inayosema kwamba si bia," nilimwambia Vagheni siku ya Alhamisi.

"Madame, ukae kwanza. Karatasi itakuya nyuma."

Akaanza maswali. Ilianza lini? Iliwahi kuanguka? Mshale unarukaka siku zote, ao wakati mashini imechomekwa ku courant tu?

Germaine, muuza vitenge aliyekuwa akisubiri simu yake, akacheka. "Huyu anaulizaka mashini kama askari wa barrière ya barabarani. Bado kuiomba carte ya kura tu."

"Nayo inajibuka muzuri kuliko batu," Vagheni alisema bila kuinua macho.

Alichomoa chaja, kwa sababu umeme wa jenereta mara nyingine huutetemesha mshale. Mshale uliendelea kuruka. Akaizima mashine, akaiwasha, akaisimamisha kwenye ukurasa mweusi unaotangulia programu zote. Hata pale A ilijiandika. "Donc hapana virusi," alisema. Kisha akachomeka klavie ya nje, ubao wa herufi unaojitegemea. Herufi zilizokuwa zimekufa zikaandika zote, ingawa ile A ya ndani iliendelea kujiingiza katikati yao.

"Kichwa iko muzima," alisema. "Vidole njo vinagonjwa."

Hapo ndipo alipochukua bisibisi. Alitoa betri, akailaza juu ya kioo ili aone kama imevimba na kuisukuma klavie kutoka chini. Ililala sawasawa. Akachomoa utepe mwembamba unaoiunganisha klavie na mashine, akairudisha betri, akawasha. A ikanyamaza. Basi akazima tena, akaitoa klavie yote, akainusa, akapitisha kidole.

"Bière inaachaka sukari. Inanataka. Hapa hakuna kitu ya kunata."

"Basi andika," nilisema.

"Bado, Madame."

Alinisogezea taa. Ncha za utepe zilikuwa na ukijani. Bati la chini ya klavie lilikuwa na kutu na madoa meupe, na juu ya vibonye herufi zilikuwa zimepauka kama nguo iliyofuliwa mno.

"Nani anapanguzaka hii mashini?"

"Mimi," nilijibu, na nilijibu kwa fahari. Tangu mwaka wa Ebola, ndoo ya maji ya klore ya kuua vijidudu haijaondoka mlangoni kwangu. Watu wa afya walitufundisha kupangusa vitasa, viti, simu. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeugua, na sikuona sababu ya kuacha. Mashine hiyo hushikwa na mikono ya wakulima thelathini kwa siku. Kila jioni, Solange akiwa jikoni, niliipitia kwa kitambaa kilicholowa, nikibonyeza vizuri kati ya vibonye na pembeni mwa kile kibao.

Vagheni aliweka bisibisi chini. "Mabalako, wakati ya Ebola, nilipokea mashini kumi na moja za hivi. Batu walikuwa wanazipanguza na klore asubui na magaribi. Zote ziligonjwa hivi hivi."

Germaine akajishughulisha na kitenge chake.

Kisha nikamwambia, "Vagheni, andika vumbi. Butembo ina vumbi, hakuna atakayeuliza."

"Vumbi hailetake kutu, Madame."

"Jina litakaloharibika ni la mkurugenzi wako."

Aliokota bisibisi, akafuta ncha yake kwa kidole gumba. "Directeur alinichapa juu ya ile saa. Mais mu rapport ya mwaka aliandika kama mwanafunzi Vagheni aliitengeneza. Nilisoma. Alikuwa anaweza kuandika kama saa ilijiponesha."

Mimi ndiye niliyeichapa ripoti ile kwa mashine ya taipu, na nilikuwa nimesahau.

"Uko na gomme?" aliniuliza.

Nilikuwa nacho kifutio mkobani. Mwalimu hakikosi hata akiwa amestaafu. Alisugua nacho ncha za utepe wa kibao cha mshale, akazipitishia alkoli, akarudisha. Mshale ukatulia. Klavie ilikuwa imekwisha. Akatoa nyingine ndani ya mashine iliyokufa ya aina ileile, akaifunga. Kisha akaandika karatasi: sababu ni maji ya klore, kidogo kidogo, kwa muda mrefu, hakuna alama ya bia. Jina la aliyepangusa hakuliandika. Hilo aliniachia.

Jioni nilimsimulia Solange. Alikuwa anamenya viazi.

"Nilijua, Mama," alisema. "Kila asubui mashini ilikuwa inanuka klore."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya kamati? Kama mama yangu njo aliharibisha?"

Ijumaa nilipanda naye Musienene, na kitambaa changu nimekikunja mkobani. Mwenyekiti Urbain alisoma karatasi kwa sauti, akaitazama mara ya pili, akamgeukia Solange.

"Sawa, bière hapana. Sasa hiyo klore, ni nani aliiweka?"

Nilisimama kabla Solange hajafungua kinywa. Nikaweka kitambaa mezani, nikasema ni mimi, kila jioni, kwa miaka miwili ambayo mashine imelala kwetu, na Solange sikumuuliza.

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Angalau mashini yetu haiwezi kupata Ebola." Wakacheka wote, na Urbain pia. Nilisimama mpaka walipomaliza.

"Mama Marie-Jeanne, aksanti kwa kufika," Urbain alisema. "Solange, fungua hiyo mashini. Andika kikao ya leo."

Solange akafungua, akaandika, na herufi zikaja moja moja kama alivyozigusa. Karatasi ya Vagheni nilirudi nayo nyumbani Butembo. Iko katika faili la familia, nyuma ya diploma ya Zacharie.