Wimbo Ulionishinda Kaburini kwa Mafabi

Nakumbuka Jumamosi moja ya matope, mwanangu, tulipopanda lori la bendi kutoka Jinja kwenda Mbale kumzika Mafabi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona mpiga klarineti hodari kuliko wote kambini. Leo meno yangu ya mbele yamelegea, siwezi tena kubana ridi, kile kibanzi cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni. Nimebaki na maneno tu. Yachukue hayo.

Mafabi alikuwa rafiki yangu. Tuliketi kiti kwa kiti katika bendi ya askari, tukagawana chumba na sufuria. Kila asubuhi kabla ya chai alisimama akiutazama ukuta, akavuta sauti moja tu kwa pumzi nzima, kisha nyingine. Nilimcheka. Nilimwambia analia kama ndama aliyeachwa na mama yake. Alitabasamu, akaendelea. Mazoezi yangu mimi yalikuwa zile nyimbo za gwaride za mwendo wa kasi, ambazo vidole vilishazizoea, ili wapita njia wasimame wanisikilize. Kisha homa ikamshika Mafabi, na siku ya tano hatukuwa naye.

Mwalimu wetu alikuwa Afande Rajabu, Mnubi wa Jinja, mtu wa maneno machache. Pale kwenye maziko, chini ya mlima, mama yake Mafabi alimwendea, akamwimbia mstari mmoja wa wimbo, akasema, "Afande, hii wimbo ya kanisa mwanangu alikuwa anaipenda sana. Mutamupigia?"

Afande akanyanyua klarineti yake. Nikamwahi. Nikasema nitapiga mimi, kwa kuwa marehemu alikuwa rafiki yangu. Akaishusha yake, akaniuliza.

"Pale pa kuvuka unapajua?"

"Napajua, Afande."

Sikupajua. Klarineti ina mahali pake pagumu, mwanangu, nawe utapafikia. Unapanda sauti za chini huku ukifungua tundu moja moja, hata vidole karibu vyote viko hewani. Halafu ghafla, ili uingie sauti za juu, inabidi uyafunge yote kwa pamoja bila pumzi kutikisika. Katika nyimbo za kasi nilikuwa napita hapo kwa kudanganya, na ngoma zikinifichia. Wimbo wa maziko hauna ngoma. Nilipofika hapo, klarineti ilitoa mlio kama wa bata aliyekanyagwa. Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Nikaanza upya. Ikalia vilevile. Nikaishusha klarineti. Nyuma yangu nikasikia Afande Rajabu akiudaka wimbo pale nilipouangusha, akaumaliza polepole, na watu wakalia ipasavyo.

Baadaye yule mama alinishika mkono. "Asante, umejaribu," akasema. Angenitukana ningelala usingizi.

Jumatatu Afande akaniita chumba cha vyombo, akanitaka nimwonyeshe nilichokuwa nikifanya kila siku. Nikapiga gwaride langu la kasi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hiyo si mazoezi," akasema. "Hiyo ni kujisifu. Unapiga unachojua, usichojua unakikimbia. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi."

Akanifunza upya kama mtoto. Wiki mbili nzima hakuniruhusu wimbo wowote. Sauti moja, pumzi moja kutoka tumboni: ianze kama mnong'ono, ikue, ipungue, ife bila kuyumba. Mashavu yasivimbe. Halafu sauti mbili tu, ile ya chini na ile ya ng'ambo, kwenda na kurudi, vidole vikikaa karibu na matundu wala visiruke kama panzi. Nikikosea ananisimamisha, anapunguza mwendo kwa kugonga meza taratibu, mpaka vidole vikubali. "Ukikosea mara tano ukapata mara moja," aliniambia, "vidole vinakumbuka ile tano." Hakuniacha niongeze mwendo kabla sijapata mara tatu mfululizo.

Ilinichukua karibu mwaka. Siku nilipouvuka wimbo ule wote bila kuteleza, niliomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Mbale na klarineti mapajani. Nilitaka yule mama ausikie. Ndugu yake Mafabi akanipokea uani, akanionyesha kaburi la pili kando ya lile la kwanza. Udongo wake ulikuwa haujatulia. Mama alikuwa ametutoka mwezi uliopita.

Nilipiga hata hivyo. Wimbo ulitoka safi tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyesikia ni yule ndugu peke yake. Alinishukuru. Mimi nilikaa chini, nikalia hadi akaniletea maji. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Wangu nimezeeka naye.

Kwa hiyo nakusihi. Anza siku kwa sauti ndefu, hata majirani wakikucheka. Tafuta mahali panapokushinda, ukae hapo hapo, polepole, kabla hujakimbilia unapopaweza. Dakika ishirini za kujisikiliza zinazidi saa mbili za kujionyesha. Ukiulizwa kama unajua, na hujui, sema hujui. Aibu yake ni ya siku moja. Wala usimcheke mwenzako anayerudia jambo dogo kila asubuhi. Muulize akufundishe, angali hai.

Mungu akupe pumzi ndefu na vidole vitulivu, mwanangu. Na wale unaotamani wakusikie, awaweke mpaka utakapokuwa tayari.