Vidonge Katika Ukuta wa Mama

Dada yangu alipoingia utawani, majirani walikuja kumwambia mama kwamba amebarikiwa. Mama aliitikia kwa kichwa, akaingia jikoni, akalia mpaka ugali ukaungua. Miaka ile ya hamsini sista hakuwa mtu wa kuja likizo. Akishaweka nadhiri, nyumba ya wazazi ilikuwa imefungwa kwake, hata kukiwa na msiba. Sisi tulikuwa Mang'ula, yeye alikuwa Ifakara akihudumia wenye ukoma. Ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, lakini angekuwa Ulaya ingekuwa yale yale.

Mimi ndiye niliyebaki. Nililima mpunga na mama, nikafukuza ndege, nikamtekea maji, na bado jina lililokuwa mdomoni mwake halikuwa langu. Liliniuma, na sioni kwa nini niseme halikuniuma.

Kisha mama akatokewa na baka mkononi, jekundu, lisilosikia hata ukilifinya. Siku moja aliinua chungu cha moto kwa mkono mtupu, akakitua taratibu, na mimi ndiye niliyepiga kelele. Mtu mwingine angelia kwa kuujua ugonjwa ule. Mama alikitazama kiganja kilichoungua, akaniambia nimfungashie nguo. Njia nzima mpaka Ifakara alitembea mbele yangu, na nilishindwa kumfikia.

Katika makazi yale kila mgonjwa alikuwa na kibanda cha udongo na kipande cha shamba. Dada aliosha vidonda vya watu ambao ndugu zao waliwatelekeza njiani, akawalisha waliopoteza vidole, akawakata kucha waliobaki navyo. Alipomwona mama kwenye foleni hakumkimbilia. Mama naye alisimama wima kama mgeni, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Dada akajibu, "Milele, amina," akapiga magoti, akaanza kumfungua kitambaa mkononi. Niliwaacha hapo nikarudi peke yangu kulinda mpunga.

Kila asubuhi wagonjwa walipewa vidonge. Wengine walikuwa wanavitema, wakisema vinachemsha damu, kwa hiyo kila mmoja alimeza mbele ya sista, kisha akapanua mdomo na kuinua ulimi ili akaguliwe. Nilipokwenda kumtembelea mama nilimwona dada akikagua foleni nzima, vijana kwa wazee. Alipofika kwa mama alimwekea kidonge kiganjani, akainamisha macho, akapita. Kwetu mtoto hamwamrishi mama yake apanue mdomo, sembuse kumchungulia ndani. Hata lile vazi jeupe halikumwondolea dada adabu hiyo. Na mimi niliona amefanya sawa.

Masika yaliyofuata mto ulifurika, na ukuta wa kibanda cha mama upande wa kitanda ukalegea. Nilikwenda kuukandika upya, na dada akapewa ruhusa ya kunisaidia. Tulipobomoa udongo uliolowa, tulikuta ndani yake vitu vyeupe, vingine vizima, vingine vimekuwa uji. Vilikuwa vidonge. Mama alikuwa anavipachika kimoja kimoja kwenye nyufa na kuvifunika kwa udongo. Alama za kidole chake zilikuwa bado zinaonekana. Tuligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na vidole viwili vya mkono wake mbaya vilikuwa vimeshaanza kujikunja.

Hakukana. "Nikipona watanirudisha," alimwambia dada. "Wewe utakuja Mang'ula kunitazama?"

Kudanganya dada hakuweza, na kuahidi hakuweza. Mimi nilisimama pale na udongo mpaka viwikoni, nikitaka kumuuliza mama huko Mang'ula anadhani anaishi nani. Nikachota udongo mwingine nikaendelea kukandika.

Juma lile lile dada alimwendea Mama Mkuu akaomba ahamishwe. Hakuna aliyemlazimisha. Walimpeleka kwenye misheni ndogo huko juu upande wa Uchindile. Alikuja kuaga kabla sijarudi Mang'ula, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, hapa hutaniona tena. Meza dawa, urudi nyumbani." Mama alikuwa amelala, uso ameuelekeza kwenye ukuta mpya, na hakugeuka. Dada akanishika bega, akaenda zake. Mkono wake ulinuka dawa.

Sista aliyechukua nafasi yake alikuwa Mzungu, asiyejua haya za kwetu. Alimwambia mama apanue mdomo, na mama akapanua.

Akapona. Nilikwenda kumchukua, na Mang'ula wakampokea kwa nyimbo za kanisani. Vile vidole viwili havikunyooka tena, lakini vingine vyote vilikuwa vizima. Aliweza kushika jembe na kufunga kanga yake mwenyewe. Dada hakuonana naye tena. Homa ilimuua huko huko milimani, wakamzika kabla habari haijatufikia.

Baada ya habari hiyo mama hakulia mbele yangu. Lakini siku moja tulikuwa uani tunapepeta mchele, magoti yetu yakigusana, akaweka ungo chini akaitazama mikono yake.

"Hii ya nini sasa?" aliniuliza.

Nikamrudishia ungo, nikamwambia apepete.