Chakula Kilichokwama Kifuani

Asubuhi hii maziwa ya jirani yamemwagikia jikoni, na harufu yake ya kuungua imenirudisha Usangu, nyumbani kwa baba, kwenye vumbi la ng'ombe na vibuyu vilivyonukia moshi.

Nilipokuwa mdogo chakula kilinikwama kifuani. Nilitafuna taratibu, nikakisukuma kwa maziwa, na bado kilikaa pale kama mgeni asiyetaka kuondoka. Shangazi alisema nadeka. Mchana mmoja kipande cha nyama kiligoma kabisa, hata mate hayakupita. Mama alinikumbatia akinipapasa mgongo mpaka nikakitapika, tukalia wote wawili.

"Tukienda kwa mama yangu milimani, mtoto anakula vizuri," mama akamwambia baba. "Kule hakuna ng'ombe. Tumwachishe maziwa."

"Ng'ombe hawa nimewaswaga kwa miguu kutoka kaskazini, halafu mtoto wangu akose maziwa?"

"Ng'ombe ni wako. Koo ni lake."

Baba akaondoka kwenda zizini. Nikaanza kunywa chai ya rangi, nikala wali kwa maharage. Siku zilipita polepole kama mawingu juu ya mpunga, wala sijui koo lilifunguka lini. Nakumbuka tu jioni moja nilikula huku nikiwatazama ndege weupe wakiruka kutoka kwenye majaruba ya mpunga. Nilipoinamisha macho, sahani yangu ilikuwa tupu, na baba alikuwa ananitazama.

Akaisogeza sahani yake, bado imejaa, mbele yangu.

"Malizia na hii, mwanangu," akasema.