Kiboko Hapigwi kwa Wastani

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila ikinijia kichwani damu hunichemka, ingawa nimestaafu zamani na mkono wangu sasa haushiki kitu kizito kuliko tasbihi.

Tulikuwa askari wa wanyamapori hapa Mafia, vijana watupu, isipokuwa Mzee Haji aliyetufundisha kazi. Kiboko mmoja alikuwa akitoka bwawani, upande wa njia ya Bweni, na kumaliza mpunga wa watu. Mwenzetu Salum akamlenga kwa karibu, akampiga. Kiboko hakuanguka. Aliingia kwenye matete na jeraha lake, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kwenda shambani. Mkuu wetu akatangaza mbele ya kijiji kizima kwamba Salum alitetemeka, na kwamba akikosa tena atafukuzwa kazi. Kufikia jioni, hata watoto wa madrasa walikuwa wakimwita Mtetemo.

Mzee Haji hakukubali. Risasi zile zilikaa miaka kwenye stoo inayovuja, na baruti iliyoingia unyevu hupoteza nguvu. Akaomba iletwe kutoka Dar mashine ya kupima mwendo wa risasi. Ni kidude chenye macho mawili: unakiweka hatua chache mbele ya mtutu, risasi inapita juu ya jicho la kwanza, kisha la pili, nacho kinakuonyesha imekwenda kwa kasi gani. Tukakiweka chini ya minazi, kukwepa jua.

Salum akapiga. Mita mia saba na ushei kwa sekunde. Akapiga tena: mia tano. Tena: mia saba. Tena: mia nne na kitu.

"Hizo za chini futeni," akasema Mkuu. "Makuti yanacheza na upepo. Kivuli kinaichanganya mashine."

Hilo linawezekana, nisimwonee. Macho yale yanafanya kazi kwa mwanga. Mzee Haji hakubishana. Alituhamishia uwandani, tukafunga shuka jeupe kwenye miti minne juu ya mashine ili mwanga utulie. Bi Somoe, ambaye mpunga wake ndio ulioliwa zaidi, akapita na kusimama.

"Mnamwoza nani leo? Au kiboko kaposa?"

Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Salum alipiga upya, na namba zikapanda na kushuka vilevile.

"Basi, wastani wake si mbaya," Mkuu akasema. "Kesho Salum aingie matetini amalize alichoanza."

Mzee Haji akavua kofia yake. "Bwana mkubwa, kiboko hapigwi kwa wastani. Anapigwa kwa risasi moja, na huyu kijana hajui itatoka ipi."

"Unanifundisha kazi, mzee?"

"Kazi unaijua, mwanangu. Haya ndiyo iliyokupungukia."

Kisha akatugeukia sisi. "Hakuna anayeingia." Tukaweka bunduki chini, Salum wa kwanza. Mkuu akapanda gari lake, akaondoka bila kuaga.

Risasi mpya zililetwa baada ya Bi Somoe na wanawake wenzake kutandika mikeka mlangoni mwa ofisi na kukataa kuinuka. Salum akaingia matetini, Mzee Haji nyuma yake. Ulisikika mlio mmoja tu. Kiboko akalala.

Unadhani kuna aliyemwomba Salum radhi? Thubutu! Mkuu alipohamishwa aliagwa kwa pilau na makofi. Salum amezeeka, na mpaka leo akishuka sokoni Kilindoni wapo wanaomwita Mtetemo, wala hawajui jina lilitoka wapi. Mimi nalijua, na sitanyamaza.

Mwanangu, wewe umesoma, utakabidhiwa mashine za kupimia zaidi ya ile. Kipimo kikikuambia usichopenda, kihakiki kwa haki, kama Mzee Haji alivyohamisha mashine na kufunga shuka. Kikirudia neno lilelile, liache lisimame hata kama linakuumbua. Usijifiche nyuma ya wastani wakati anayeingia matetini ni mwenzako. Na kabla hujasema mtu ametetemeka, kwanza pima ulichomtia mkononi.

Mungu akupe wakubwa wenye haya. Akikufanya mkubwa, akuachie hiyo haya. Na siku utakapoingia matetini, asikosekane mtu wa kusimama nyuma yako. Amin.