Silingi ya Magunia

Zamu ya jumuiya ilipofika nyumbani kwangu mara ya kwanza, nilimuua shangazi. Nilisema amefariki huko Kitui, sina budi kusafiri. Zamu iliporudi nikamuua tena, maana nilikuwa nimesahau kwamba alishakufa. Shangazi mwenyewe ni mzima, analima mtama wake, na akisikia haya ataniosha kwa maneno. Lakini ningefanyaje? Jumuiya yetu hapa Kawangware, upande unaopakana na Riruta, husali kila wiki katika nyumba ya mmoja wetu, na nyumba yangu niliionea haya hata mbele ya paka wa jirani.

Tulikuwa tumehamia huku kutoka Lindi, kule Kibera, tukijiona tumepanda cheo. Hapa tulipata vyumba viwili, ati. Kodi ilikuwa ya chini, na tulipoingia tukaelewa sababu. Kuta zilikuwa mabati matupu yenye kutu, sakafu imebomoka mpaka kiti hakisimami vizuri, na paa, Ngai! ukilala chali unahesabu nyota. Msimamizi wa ploti, yaani wa nyumba hizi za kupanga, alitukabidhi funguo akasema, "Mathe amesema mkirekebisha ni sawa, mkiacha ni sawa."

Huyo mathe, mama mwenye ploti, ni wa ukoo wa hapa hapa, watu walioishi huku tangu kukiwa mashamba. Anakaa kwenye nyumba ya mawe barabara ya juu, na kodi hukusanyiwa na msimamizi, kwa hivyo hakuwahi kukanyaga mlango wetu. Lakini nilimjua vizuri sana, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kila Jumapili alinikumbatia nje ya kanisa na kuniita dada yangu. Mvua ilipoanza na paa likavuja nilimtuma msimamizi amwambie, na jibu likarudi kwamba mvua ikiisha ataangalia. Mvua ikaisha, naye hakuangalia. Mimi nikaona haya kumkumbusha mtu ninayesali naye.

Basi zamu ikaja mara ya tatu. Mwenyekiti akatangaza mbele ya wote, "Wiki ijayo ni kwa dada yetu. Na safari hii tumwombee shangazi yake asife." Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nami nikacheka, jasho likinitiririka mgongoni. Kumbe walijua muda wote.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nyumba lazima iwe nyumba. Yeye ni fundi wa viatu, mtu mpole, akauliza tu, "Kwa pesa gani?" Pesa ilikuwa kidogo sana, kwa hivyo tulirekebisha kile jicho linachokiona. Nikamwita dada yangu mkubwa kutoka Sarang'ombe, ambaye akipewa chumba kama zizi anakugeuzia kiwe sebule. Tuliokota makatoni nyuma ya maduka ya jumla, tukayakunjua, tukayapigilia ukutani, kila msumari umepitishwa kwenye kifuniko cha soda ili usichane karatasi. Juu yake tukatundika mashuka ya mitumba, meupe yenye maua. Sakafu tuliipiga simenti iliyochanganywa na mchanga mwingi kuliko adabu, tukaifunika na kapeti ya plastiki.

Paa ndilo lililotushinda. Mume wangu alipanda na lami na vipande vya soli za viatu, akaziba matundu moja baada ya jingine kama anayeshona malapa. Nilikuwa chini nikimwelekeza, "Hapo kushoto, hapo!" akakanyaga hapo kushoto, mguu mzima ukaingia ndani. Nikauona unaning'inia juu ya meza, na kiatu chake. Tulipoutoa, tundu lililobaki lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoziba. Akaliwekea kipande cha bati na jiwe juu, akashuka.

Dada ndiye aliyetoa wazo la silingi, dari ya kuficha paa. Tulifumua magunia ya naironi ya sukari, tukayashona pamoja kwa uzi wa viatu, tukayakaza kutoka ukuta hadi ukuta, kisha tukayapaka rangi nyeupe. Woi, ilipendeza! Niliingia na kutoka mara kadhaa ili tu niione upya. Dada alikuwa anajikanda vidole vilivyovimba kwa sindano.

"Hii ni ya kuficha, si ya kuzuia," akaniambia. "Si umwambie mwenye nyumba? Paa ni lake."

"Nitamwambiaje, na ndiye anakuja kukaa chini yake?"

"Sasa ndiyo umwambie! Mficha uchi hazai, wewe."

"Mimi nimeshazaa, nenda ukakoroge rangi," nikamjibu, kwa sababu alisema kweli na sikutaka kusikia.

Wiki ile nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, isinyeshe. Mimi, mtoto wa Kitui, niliyekua nikiona mama yangu akifunga na kuomba ili mvua ije, nilipiga magoti kuomba isije. Hata nikiwa pale magotini niliona aibu, lakini sikuliondoa ombi.

Jumamosi alasiri wakaja, mume wangu akiwa bado kazini. Walivua viatu mlangoni, nikawaambia wasivue, wakavua. "Aki nyumba imependeza!" wakasema, na kila mmoja alikuwa akitazama juu. Nilimshika mwenyekiti mkono nikampeleka kwenye sofa yetu moja, nikamkalisha katikati. Alikuwa amefunga kitambaa cheupe kichwani, kimepigwa pasi vizuri. Akaegemea, akatazama silingi, akatabasamu.

"Ploti hii imekuwa nzuri siku hizi," akasema, kama mtu anayepewa pongezi.

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na mimi mjinga nikasema asante.

Tulikuwa katikati ya somo tone la kwanza lilipogonga bati. Nikajifanya sikusikia. Likaja la pili, kisha mvua ikamwagika yote pamoja, ile ya kuziba masikio, hata msomaji akawa anafungua mdomo bure. Mwenyekiti akainua mikono, akapaza sauti, "Tufumbe macho! Kila mtu asali moyoni!"

Wakafumba wote. Mimi sikufumba.

Silingi ilikuwa imeanza kuota tumbo. Rangi ilikuwa imeziba vitundu vya gunia, kwa hivyo maji hayakudondoka, yalikusanyika tu. Tumbo lilianzia pale mguu wa mume wangu ulipopita, likateleza polepole, likatulia juu ya sofa. Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Akanitazama, akatazama juu, kisha akachomoa sindano ya gunia kwenye leso yake na kuninyooshea. Nilimwelewa. Lindi tulikuwa tukifanya hivyo kila msimu, unaweka beseni chini, unadunga kidogo, maji yanashuka kama ya bomba na mazungumzo yanaendelea.

Lakini ili nidunge ilibidi niseme, "Mama mwenyekiti, sogea kidogo, paa linavuja." Maneno machache tu. Niliyafikisha mpaka kwenye ulimi, nikayameza. Nikamwambia Mungu, dakika kumi tu, wamalize, wanywe chai, waende. Halafu nami nikafumba macho.

Nilisikia uzi ukikatika.

Maji yalishuka yote kwa pamoja, meusi kwa masizi na kutu ya miaka, na uchafu wa panya ambao sitaki kuutaja. Mwenyekiti hakupiga hata kelele. Alikaa tu na mikono yake bado imeinuliwa, kitambaa cheupe kimekuwa rangi ya chai ya rangi, kipande cha gunia kimemlalia begani.

Wengine waliinuka mara moja, huyu kashika beseni, yule kaondoa Biblia, bila kuuliza kitu. Mimi nilikuwa tayari nimepiga magoti mbele yake, nikimpangusa miguu kwa gauni langu. "Nisamehe mama. Nisamehe sana. Nimekuaibisha, haki nisamehe." Nilisema hivyo mpaka sauti ikakauka.

Yeye alikuwa ametazama juu. Silingi ilikuwa wazi sasa, na kupitia pale yalionekana mabati yake yote, kutu, lami, soli za viatu, na lile tundu kubwa ambalo jiwe lake lilikuwa limeteleza. Mvua ilikuwa inaingia humo moja kwa moja. Nikawaza, sasa ameona, sasa atasema. Akajifuta uso, akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Usijali, dada yangu," akasema. "Nimekusamehe."

Dada akatua birika kwa kishindo. "Amekusamehe nini? Kwani hili paa ni la—"

Nilimkata jicho. Alipofungua mdomo tena nikainuka nikamfinya mkono, nikamwambia, "Nyamaza!" Yeye aliyeshona hadi vidole vikavimba ndiye niliyemnyamazisha. Alinitazama, akachukua mkoba wake, akatoka kwenye mvua ile ile. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado sikumfuata.

Mvua ilipopungua, mwenyekiti alisema tusimwachie shetani nafasi, tumalize. Tukamhamishia kwenye kigoda karibu na mlango, nikampa shuka la ukutani ajifunike. Tukasimama tukiwa tumekanyaga maji, tukaingia kwenye maombi ya waamini. Alianza yeye, macho yamefumbwa, sauti ikitetemeka kwa baridi.

"Tumwombee dada yetu na mume wake. Mungu awafungulie njia, siku moja wapate nyumba nzuri isiyovuja. Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," tukaitikia, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.