Mama Alipopotewa na Sauti ya Kwanza

Mama yangu aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la Kilutheri tangu kabla sijazaliwa. Kijiji chetu kiko milimani, juu ya Soni, na kanisa limejengwa ukingoni mwa bonde. Waliochelewa ibada walikuwa wakisema kwamba wakifika chini mtoni walijua tayari tumefikia wimbo gani, maana sauti ya mama ilikuwa imeshashuka kuwapokea.

Kazini alikuwa vilevile. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na kijiji kilikuwa na shamba la pamoja la mahindi na maharage kwenye mteremko mkali upande wa mashariki. Asubuhi rimu kuukuu ya lori iligongwa, kila nyumba ikatoka na majembe. Mama alishika mstari wa mbele, wengine wakafuata mwendo wake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na desturi ya kumtaja kwenye mikutano: "Ndugu zangu, mtazameni huyu mama!" Naye mama aliinamisha kichwa, akijifanya anafunga kanga vizuri.

Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Nilipomaliza darasa la saba nilibaki nyumbani, na ndipo mambo yalipoanza kubadilika, lakini polepole mno hata hatukuyaona. Kwanza mama alianza kuvaa sweta la baba. Kwetu baridi si kitu kigeni, miezi ya ukungu kila mtu hujifunika. Yeye alivaa sweta Januari, jua likiwa kali, na juu yake kanga mbili, kisha akasogea jikoni kukaa karibu na moto. Halafu akaanza kusahau bada jikoni mpaka inaungua. Bada ndiyo ugali kwa lugha yetu ya Kishambaa, na mama hakuwahi kuunguza bada maishani mwake. Ngozi ya miguu yake ikakauka ikapasuka. Nywele zikabaki kwenye kitana. Uso ukajaa, macho yakavimba kama ya mtu aliyelia usiku kucha, na majirani wakaanza kumpongeza wakidhani ana mimba.

Sauti nayo ikashuka. Jumapili moja alifungua mdomo kwenye ule wimbo aliouongoza miaka yote, ikatoka sauti nzito, ya kukwaruza, mfano wa mzee mwenye kikohozi. Kwaya ilisita. Mama alifunga kitabu cha nyimbo taratibu, akakaa. Jumapili iliyofuata alikaa na waumini wengine, nyuma kabisa, na kabla ya mahubiri kwisha alikuwa amesinzia.

Tulimpeleka zahanati. Walimpima wakakuta damu imepungua, na ni kweli ilikuwa imepungua, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza vyote. Hakupata nafuu. Wapo waliosema amerogwa na mtu aliyeionea wivu sauti yake. Hakuna aliyefikiria habari za tezi ya shingoni. Kwetu milimani rovu lilijulikana, wanawake wengi wazee walikuwa nalo, uvimbe shingoni unaoonekana hata kwa mbali. Shingo ya mama ilikuwa laini, haina kitu.

Shambani hali ilizidi kuwa mbaya. Alikuwa anasimama katikati ya mstari akiegemea jembe, wenzake wakimpita. Kuna siku nilimsikia kijana mmoja akisema, bila hata kushusha sauti, "Siku hizi tuna kupe hapa." Kupe lilikuwa tusi kubwa miaka ile, jina la mtu anayenyonya jasho la wengine. Mama alilisikia. Aliinama akaendelea kulima, pigo moja, anapumzika, pigo lingine. Jioni ile baba aliosha vyombo mwenyewe, mlango ukiwa wazi, kila mpita njia akimwona. Mwanamume kuosha vyombo wakati ule ilikuwa habari ya kijiji kizima. Baba hakujali.

Aliyetutoa gizani alikuwa shangazi, dada yake baba. Aliishi Soni akiuza kabichi na karoti sokoni, na alikuwa hajatutembelea kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa akimuuguza mkwewe. Alifika mchana, mzigo kichwani. Mama akatoka mlangoni kumpokea. Shangazi alitua mzigo, akamtazama, akasahau hata salamu.

"Wifi," akasema, "umefanya nini?"

"Nimechoka tu, wifi yangu."

"Na hiyo sauti ni ya nani?"

Mama akajaribu kucheka. Shangazi hakucheka. Alimshika mkono akauona wa baridi, akamgeuza uso kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya nyusi zake. Nusu ya nje ya kila unyusi ilikuwa imekwisha. Mimi niliyelala naye nyumba moja sikuwa nimeliona hilo. Walikaa jikoni wakazungumza Kishambaa kwa sauti ya chini, na nilipokuwa namenya magimbi nilimsikia shangazi akimuuliza mambo ya kike, mambo ya choo, ya usingizi. Mama alijibu moja moja, kama mtu anayetoa vitu vizito kutoka ndani ya debe.

Baba aliporudi, shangazi hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Kaka, huyu haumwi uchovu. Mimi sijui anaumwa nini, na sitaki mtu anikisie. Kesho tunakwenda hospitali ya misheni, kwa daktari. Na mambo haya yote nitayasema mimi, maana yeye akifika atasema amechoka tu."

Tulitoka alfajiri, mama, shangazi na mimi. Kwa mguu wa kawaida ni safari ya asubuhi moja. Sisi tulifika alasiri. Kwenye kila kilima mama alikaa, na shangazi alikaa naye akimsimulia vituko vya sokoni, wala hakumharakisha. Zamu ya mwisho mama alisema, "Niacheni hapa, mtarudi kunichukua." Shangazi akavua viatu vyake, akamvalisha mama kwa sababu vya mama vilikuwa vimembana miguu iliyovimba, akaenda pekupeku mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mtu wa Tanga mjini, bado kijana. Alisimama akamwamkia mama, "Shikamoo, mama." Nilidhani mama hakusikia. Kisha "marahaba" ikaja, nzito, imechelewa. Daktari alimtazama vizuri zaidi baada ya hapo. Shangazi akasema yote: sweta, nywele, nyusi, sauti, usingizi, choo, na siku za mwezi zilizozidi kuwa nyingi. Daktari hakumkatiza hata mara moja. Shangazi alipomaliza, daktari alisema, "Ahsante sana, mama. Wengi huniletea jambo moja, mengine yote wanayaacha nyumbani."

Alimwambia mama ameze mate huku akimpapasa shingo. Akahesabu mapigo ya moyo. Kisha akamwomba apige magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia nyuma, akagonga mshipa wa juu ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu uliruka, halafu ukarudi polepole, taratibu, kana kwamba umesahau njia. Shangazi akataka kujua maana yake. Daktari akatabasamu, akamwambia apande yeye. Shangazi alipanda kwenye kiti na miguu yake yenye vumbi. Mguu wake ukagongwa, ukaruka ukarudi papo hapo. Hata mama aliona tofauti.

"Ndani ya shingo kuna tezi," daktari alieleza. "Ndiyo inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Nadhani ya mama imelegea, inatoa maji yake kidogo mno. Si lazima shingo ivimbe."

"Basi mpe dawa," alisema shangazi.

"Dawa ipo. Lakini mtu akianza huinywa maisha yake yote, na ikipewa asiyeihitaji, au ikizidi, inaumiza moyo. Nataka nijue, nisidhani. Nitachukua damu ipelekwe Dar es Salaam, hapa hatuna kipimo chake."

Mama mwenyewe ndiye aliyejibu. "Ichukue, mwanangu. Nitasubiri."

Tulisubiri majuma mengi. Katikati ya kusubiri huko uliitishwa mkutano wa kijiji, na mtu mmoja akasimama kuuliza kwa nini baadhi ya watu wanagawiwa mahindi sawa na wanaolima. Hakutaja jina, lakini vichwa vyote viligeuka. Baba akaanza kuinuka. Mama akamshika koti, akasimama mwenyewe. Ilimchukua muda.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, na watu walioketi nyuma wakainua shingo wajue nani anaongea. "Mnanisikia? Hii ndiyo sauti yangu sasa. Mlioimba na mimi mnajua ilikuwaje. Mtu anaweza kuwa mvivu wa mikono. Nionyesheni mvivu wa sauti." Akapumua. "Nimepimwa damu, majibu hayajaja. Yakija nitayasema hapahapa, mbele yenu, hata yakiwa mabaya. Mpaka hapo nipeni kazi ya kukaa. Nichambue mbegu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliinamisha macho, akasema mama apewe kazi ya mbegu. Yule kijana wa neno la kupe ndiye aliyembebea kigunia cha maharage hadi nyumbani, akakiweka kizingitini, akaondoka bila kuaga. Nimekaa kwenye mikutano mingi tangu siku ile, na sijamwona mtu aliyesimama vile.

Majibu yalikuja kama daktari alivyodhani. Alianza kumpa vidonge vidogo vyeupe, kwanza kiasi kidogo sana, akimwita mara kwa mara kumpima na kuongeza. Mama alivimeza kila asubuhi kabla ya chai. Majuma ya mwanzo hatukuona kitu. Kisha siku moja alitoka nje akavua sweta, akalitundika kwenye kamba, akasimama juani na mikono wazi. Miguu ikapungua uvimbe. Akaanza kunigombeza tena kwa uzembe, nami nilifurahi kugombezwa. Kwenye mkutano uliofuata alisimama akaeleza ugonjwa wake wote kama alivyoahidi, mpaka habari ya kupiga magoti kwenye kiti. Sauti haikurudi yote. Alihamia sauti ya pili, akaimba huko bila kinyongo.

Habari zikaenea, na hapo ndipo nilipozidi kumheshimu. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikuja siku moja akiwa amekonda, mikono inatetemeka, macho yametoka, na shingo imeanza kujaa. Alisema moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, na anakula sana lakini mwili haushiki.

"Dada, nigawie vidonge vyako vichache. Si ni shingo ileile?"

"Sikupi," alisema mama.

Machozi yalimlengalenga jirani. "Unaninyima dawa?"

"Ninakunyima dawa yangu. Hii ilipimwa kwa damu yangu mimi. Damu yako inasema nini mimi sijui, na wewe hujui. Kesho asubuhi nakupitia, twende."

Akaenda naye njia ileile, safari hii mama akitangulia. Damu ya jirani ilipopimwa ilionekana kinyume kabisa: tezi yake ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Daktari alisema vidonge vya mama vingemfikisha pabaya. Alipewa dawa nyingine, baadaye akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam, akarudi na kovu jembamba shingoni na mashavu yaliyojaa.

Toka hapo mama akawa na jicho la kutazama watu. Kisimani au sokoni Soni alimsimamisha mwanamke asiyemjua kabisa, akamwamkia vizuri, akauliza kama anasikia baridi, kama nywele zinatoka, kama moyo unakwenda mbio. Hakumwambia yeyote kwamba anaumwa hiki au kile. Alisema, "Sijui. Twende ukapimwe." Wengine walikutwa hawana shida yoyote ya tezi, nao aliwafurahia vilevile. Mmoja, msichana aliyeolewa karibuni na aliyekuwa analala mchana kutwa, alitoka kwa daktari na habari kwamba ana mimba ya mapacha. Mama alimshika mkono njiani, wakacheka wote wawili mpaka wakalazimika kukaa.